Turubai, spika na daftari la mzee: duka la kukodisha vifaa vya shughuli, Ngamiani Tanga

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kiti cha plastiki kisicho na mikono ni shilingi 300 kwa siku, chenye mikono 500. Turubai la kati 40,000, kubwa 70,000. Seti ya muziki, yaani spika mbili, mixa, maiki mbili na kijana wa kukaa nayo, ni 150,000. Jenereta bei yake mbali, na mafuta ni juu yako. Kirikuu cha kupeleka na kurudisha ndani ya mji 20,000. Ukiwa Pongwe au Amboni mtaelewana. Nusu unalipa siku ya kuandikisha, nusu mzigo ukishashushwa. Mkifika mkaambiwa bei nyingine, basi mafuta yamepanda, msinisute.

Duka liko Ngamiani, mitaa ya nyuma ya soko la Mgandini, na halina kibao. Muulize bodaboda yeyote "kwa mzee wa maturubai", atakufikisha mlangoni. Jina lake ameniomba nisiliandike, na akisoma nilivyoandika hapa chini atashukuru kwamba nimemtii.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tangu niliposhusha chaki, kazi yangu ni kuwasimamia watu shughuli zao: harusi, khitma, maulidi, mahafali ya chekechea, hata kikao cha vikoba kama kina wageni. Kwa hiyo maturubai ya mji huu nayajua kwa harufu. Kuna duka moja, jina tuliache, lilinipelekea turubai lililokunjwa likiwa bichi tangu masika. Bibi harusi alikaa chini ya uvundo huo, na wakwe kutoka Muheza wakawa wanakula pilau kanga zikiwa puani. Kwa mzee huyu turubai haliingii stoo mpaka lianikwe. Nimewakuta vijana wake saa sita ya jua kali wameyatandaza ukutani, wanayapiga vumbi kwa mafimbo. Nguzo zimeandikwa namba kwa rangi nyekundu, kwa hiyo hakuna kubishana ipi ikae kona ipi. Kamba zake ni za katani, si nailoni. Anayejua upepo wa kusi unavyopiga pale Raskazone hahitaji kuelezwa kwa nini. Fundo la nailoni huteleza lenyewe, la katani ukilifunga asubuhi unalikuta palepale jioni.

Viti vinahesabiwa mbele yako vikipakiwa, na vinahesabiwa mbele yako vikishushwa. Vikirudi, vinahesabiwa tena, na usipokuwepo anamwita jirani asimame badala yako. Watu wengi huona usumbufu. Mimi naona ndiyo huduma yenyewe, na nitarudi hapo.

Kasoro zipo. Maiki isiyo na waya hukatika kila mtu akipita kati yake na mixa, kwa hiyo dai ya waya, na usikubali kuambiwa imeharibika. Dereva wa kirikuu ana saa yake mwenyewe. Ukitaka mzigo saa mbili asubuhi mwambie saa kumi na mbili. Ijumaa kuanzia saa tano duka linafungwa mpaka watu watoke msikitini, na hapo hata uwe na maiti nyumbani utasubiri, ingawa kwa msiba mzee hatozi turubai. Faini yake ya kuchelewesha ni kali. Niliwahi kutozwa kwa kiti kilichounguzwa na sigara ya mgeni ambaye hata kadi ya mwaliko hakuwa nayo.

Lakini kilichonifanya nikae chini kuandika ni daftari la kaunta na benchi lililo mbele yake. Mzee huyu, mbali na harusi zetu, ndiye anayevikodishia vyama vya siasa vifaa vya mikutano. Vyote. Kijani, yaani CCM, wanachukua kwake, CUF walichukua kwake miaka ile mji huu ulipokuwa ngome yao, ACT wamekuja, CHADEMA wamekuja. Juu ya kaunta ana picha ya Coastal Union na picha ya African Sports, watani wa mpira wa mji huu, zimetundikwa kwa urefu mmoja, nadhani kwa kipimo cha rula. Maturubai yake yote ni meupe. Chama kimoja kilitaka kumletea maturubai mapya ya rangi yake, bure, mradi chenyewe kipewe nafasi ya kwanza msimu wa kampeni. Akakataa.

"Mwalimu," aliniambia, "chini ya turubai la kijani ataolewa nani kama babake ni CUF?"

Sasa nieleze nilichokiona mwaka 2015, maana ndicho ninachokikumbuka kila nikisikia watu wanabishana kama viongozi wa vyama wakae meza moja au wasikae.

Nilikwenda kuandikisha viti vya khitma. Akaingia kijana mwenye kofia ya kijani, na kabla hajamaliza salamu akaingia mwingine mwenye fulana ya CUF. Wote wawili walitaka zile spika kubwa za mkutano, na wote wawili walitaka Jumamosi ya Oktoba 24, siku ya mwisho ya kampeni, kwa kuwa Jumapili ya tarehe 25 ndiyo ilikuwa ya kura. Seti ya mkutano mzee anayo moja. Kila mmoja akasema yeye ndiye aliyetangulia. Mzee akafungua daftari, akawageuzia walione: hakuna jina, hakuna aliyelipa hata senti. Akawaambia wakae kwenye benchi, akaagiza chai na vitumbua, akaendelea kuniandikia viti vyangu.

Aliporudi kwao hakuuliza nani ana haki. Aliuliza, "Wewe mwanangu, waliokutuma wamekuruhusu kukubali nini?" Yule wa CUF akasema saa anaweza kubadilisha, uwanja hawezi. Yule wa kijani akasema chochote mpaka ampigie katibu. Katibu hakupokea. Mzee akasema, basi tunangoja, maana mimi siandikishi na mtu asiyeweza kukubali kitu. Nilitamani kuondoka lakini umbeya ulinikalisha. Mpaka karibu na adhuhuri katibu akapokea, na maneno yakaanza kuwa maneno.

Mwisho wake ulikuwa hivi. CUF wapige asubuhi mpaka saa saba. Kijani wachukue alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni, muda ambao kampeni kwa utaratibu lazima inyamaze. Lakini alasiri ndiyo yenye watu. Asubuhi nani anaacha soko kwenda kusikiliza hotuba? Kwa hiyo kijani walipe kirikuu cha kuhamisha spika, na CUF wapewe jenereta Ijumaa jioni bila malipo kwa gari lao la matangazo. Kisha mzee akaongeza sharti lake: makabidhiano ni uwanjani, pande zote mbili zikiwepo, spika inajaribiwa mbele ya anayetoa na anayepokea, ikikwaruza inaandikwa papo hapo. Kila kijana akatia sahihi, na kila mmoja akaleta shahidi wa chama chake mwenyewe.

Siku ilipofika, spika moja kweli ilikwaruza kwenye makabidhiano. Ikaandikwa. Hapakuwa na ngumi wala matusi. Wale vijana wawili ndio walioipata, kila mmoja kwa watu wake. Wa CUF aliitwa pandikizi kijiweni kwao, kwamba ameuza alasiri kwa jenereta. Wa kijani aliambiwa ofisini kwao kwamba chama tawala hakipangiwi zamu na wapinzani. Kila upande uliona wa kwake ndiye aliyepunjwa, na mimi niliyekuwa nimekaa palepale nilijua hakuna aliyepunjwa.

Miezi miwili baadaye ikaja ya umeya. CUF walikuwa na madiwani wengi zaidi kwenye baraza la jiji, lakini aliyetangazwa meya akawa wa CCM. Kila upande una maelezo yake kuhusu kura ile na sitayapima hapa. CUF wakakataa kumtambua meya, wakagomea vikao. Watu wazima wenye posho na magari walishindwa kufanya kilichofanywa na vijana wawili wa fulana kwa kikombe cha chai.

Tangu hapo swali la "wakubaliane au wasikubaliane" naona limeulizwa kichwa chini. Mtu anayeuza sera mbele ya watu wa mji mmoja na mwenzake lazima akubaliane naye kwenye jambo fulani, apende asipende. Mimi nauliza anayoyauliza mzee. Nani amekutuma? Unatoa nini kinachokuuma? Kimeandikwa wapi, na shahidi ni nani? Na kuna kitu kimoja ambacho kwa mzee hakizungumzwi kabisa. Bei mtaongea, siku mtaongea, saa mtaongea. Hesabu ya viti haina mazungumzo. Vimetoka mia mbili, vimerudi mia mbili au havikurudi.

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, ni mtu wa Wete, Pemba. Kwake maneno haya si ya gazetini. Januari 2001, baada ya maandamano ya CUF kupigwa risasi, binamu zake walikuwamo kwenye wale watu zaidi ya elfu mbili waliovuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya, kaskazini tu ya hapa kwetu. Ukitaka kubishana naye kuhusu muafaka, yaani makubaliano ya CCM na CUF kule Zanzibar, jiandae. Wa kwanza ulisainiwa mwaka 1999, Jumuiya ya Madola ikiwa msuluhishi. Wa pili Oktoba 2001, baada ya damu. Yote miwili ilikuwa na karatasi nzuri na sahihi za wakubwa, na yote miwili ilikwama kwenye utekelezaji. Shemeji husema kwamba wao watu wa chini walikuwa wanaisikia redioni kama matokeo ya mpira wa nchi nyingine.

Ya 2009 ilikuwa namna nyingine. Novemba 5 mwaka ule, Rais Amani Karume wa Zanzibar na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu ya Zanzibar. Maalim alikuwa hajamtambua Karume kuwa rais tangu uchaguzi wa 2005. Siku chache baadaye akasimama mbele ya watu wake uwanja wa Kibandamaiti kuwaambia kwamba sasa wanamtambua, na wengi wao wakapiga kelele za kukataa. Fikiria mtu wa umri ule, aliyefungwa, aliyezomewa na serikali miaka yote, sasa anazomewa na wa kwake. Alikubali limuume. Upande wa pili nao ulitoa: chama kilichozoea kushika kila kitu kilikubali katiba ibadilishwe ili chama cha pili kiwe na Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri, si kwa hisani ya mkubwa bali kwa sheria. Kisha likafanyika lile ambalo kwangu ndilo lililoipa uzito: jambo likapelekwa kwa wananchi. Julai 31, 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa Oktoba ukaisha Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akiwa na asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, na safari hii hakuna aliyepanda mashua kukimbilia Shimoni.

Kaka yangu wa tumbo moja ni balozi wa nyumba kumi, kijani mpaka soli za viatu. Yeye hoja yake haijabadilika tangu enzi hizo: aliyeshinda amepewa atawale, kugawa madaraka na aliyeshindwa ni kumdharau aliyekupa kura. Namsikia. Lakini 50.1 kwa 49.1, kaka, hapo nani amempa nani? Ukiwa na kisiwa ambacho nusu inalala ikiona serikali si yake, hiyo serikali itakusanya kodi kwa polisi. Hata mimi darasani nilikuwa na wanafunzi wengi kunizidi na fimbo moja, na najua fimbo inafika wapi.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu haitoki kwa kaka, inatoka kwa mpwa wangu anayesoma sheria. Yeye anasema wapinzani wakishaingia serikalini, nani atabaki kuuliza maswali? Ananitajia Kenya. Machi 9, 2018 Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga wakapeana mikono kwenye ngazi za Harambee House, nchi ikapumua, biashara zikarudi. Kisha upinzani bungeni ukapoa, na ukaja mpango wa BBI wa kubadilisha katiba ambao Mahakama Kuu iliuangusha Mei 2021, Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa mlango uliowekwa kwa ajili ya wananchi. Mpwa wangu ana haki hapo. Tofauti ya Kenya ya 2018 na Zanzibar ya 2010 ni kwamba kwenye ngazi zile walikuwa watu wawili, na mashahidi walikuwa wapiga picha. Mzee wa maturubai asingewaandikisha.

Na huku bara? Freeman Mbowe, mwenyekiti wa CHADEMA wakati huo, alikamatwa Mwanza Julai 2021 akiwa kwenye harakati za kudai katiba mpya, akakaa ndani kwa kesi ya ugaidi, akaachiwa Machi 4, 2022, na siku hiyohiyo akaonekana Ikulu na Rais Samia. Mazungumzo ya CCM na CHADEMA yakaendelea, na Januari 3, 2023 zuio la mikutano ya hadhara lililokuwapo tangu 2016 likaondolewa. Mzee alifurahi kwa sababu zake: spika zilizokuwa zinalia kwenye harusi peke yake zikapata kazi. Lakini waliotegemea sheria za uchaguzi na katiba viguswe wakaona wanaongea tu. Kidogo kidogo neno maridhiano likawa tusi ndani ya CHADEMA yenyewe, na Januari 2025 Tundu Lissu akamshinda Mbowe uenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482. Simlaumu Mbowe kwa kwenda Ikulu. Alichokosa ni kitu cha kuwarudishia waliomtuma, mbali na ruhusa ya kupanda jukwaani, ambayo kisheria ilikuwa yao tangu mwanzo. Huwezi kukodishiwa kiti chako mwenyewe halafu ukashukuru.

Yaliyofuata mwaka ule mnayajua. Lissu akashitakiwa kwa uhaini, CHADEMA haikuwemo kwenye uchaguzi, na ya Oktoba 29, siku ya kura, tuliyaona wote. Nilipopita dukani baada ya mambo kutulia, mzee alikuwa anafuta vumbi kwenye spika. Hakusema kitu cha siasa. Alisema msimu ule benchi halikukaliwa.

Wazee wa hapa Tanga wakisikia vijana wanasema kukubaliana ni woga, huwakumbusha mkutano wa TANU wa Tabora, enzi za kudai uhuru. Januari 1958 TANU walikabiliwa na uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na ili upige kura uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambulika. Ilikuwa dharau tupu. Wengi walitaka wasusie. Nyerere akawashawishi waingie, Zuberi Mtemvu akaona ni usaliti akatoka na kuanzisha chama chake cha Congress. TANU wakaingia kwenye sheria wasiyoipenda, wakaunga mkono Waasia na Wazungu waliokuwa upande wao, wakashinda, na miaka mitatu baadaye bendera ikapandishwa. Wazee wetu husimulia kwamba mkakati wa Tabora ulipikwa hapa Tanga kwanza. Mji huu unapenda kujipa sifa, lakini hiyo naomba mtuachie.

Hata hivyo mfano wa Tabora hutumiwa vibaya. Watu huuleta kumwambia mpinzani akubali chochote. TANU walikubali masharti ya kuingia. Hawakukubali kura zao zihesabiwe nusu. Zanzibar iliishi miaka mitano na ile serikali ya umoja, kwa raha na karaha, mpaka Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alipofuta uchaguzi mzima. CUF wakasusia wa marudio wa Machi 20, 2016. Makubaliano yenyewe yalibaki kwenye katiba, hayakufutwa hata mstari. Kilichogusa pabaya ni hesabu. Desemba 2020, baada ya uchaguzi mwingine uliokuwa na vilio, Maalim aliingia tena kuwa Makamu wa Kwanza, safari hii na ACT-Wazalendo, na Februari 17, 2021 akafariki. Shemeji mpaka leo hajaamua kama Maalim wake alifanya sawa. Siku moja anasema ukikaa nje huoni hata moshi wa jikoni. Siku nyingine anasema waliokaa ndani hawakuleta sahani. Mimi namwambia zote mbili ni kweli, ananiambia mwalimu unakwepa swali.

Sikwepi. Nasema viongozi wakubaliane, tena mapema, kabla mitaa haijachafuka, na kila mmoja atoke amekunja uso kidogo. Wakitoka wote wanacheka, nauliza nani amelipa. Na kwenye hesabu ya kura, hapana. Hapo asiniletee mtu busara.

Nirudi kwenye huduma. Mara ya mwisho nimechukua kwa mzee vifaa vya harusi ya mtoto wa dada yangu, Makorora. Maturubai makubwa mawili, viti vya mikono kwa wazee na visivyo na mikono kwa sisi wengine, seti moja ya muziki. Kaka na shemeji nikawaweka meza moja kwa makusudi, na sahani moja ya biriani, maana sinia haina upande wa chama. Walibishana kuhusu bandari mpaka maharusi wakaingia. Kijana wa mixa alikuwa msikivu. Tulimwambia taarabu ya zamani ya Tanga, sauti ya Shakila, akaipiga bila kutuchanganyia na mambo ya vijana, na aliposikia adhana akazima bila kuambiwa. Kiti kimoja kilivunjika mguu. Nikalipa, nikapewa risiti, na kile kiti kibovu nikakabidhiwa niondoke nacho, kwa kuwa nimekilipia. Sasa kiko uani kwangu kinabeba ndoo.

Ushauri wangu: Mfungo Sita muwahi sana, maulidi ni mengi na kila madrasa inataka turubai. Shaaban vilevile, harusi zinakimbizana na Ramadhani. Mwaka wa uchaguzi andikisheni kabla majina ya wagombea hayajarudi, baada ya hapo mtapangwa zamu na wanasiasa na mtakaa benchi nao. Beba kalamu yako, ya dukani haiandiki. Nenda na shahidi, hata mtoto wa darasa la saba anakubalika mradi ajue kusoma.

Vitambaa vya kufunika viti na mapambo ya jukwaa hana na hataki kuwa navyo. Hivyo mtavipata Chumbageni kwa wapambaji, bei juu kidogo, na ukitaka rangi ya dhahabu agiza mapema kwa sababu harusi za Muheza na Pangani zinazichukua hizohizo.